Kifuniko cha Bati

Timboroa
2 Septemba 2025

Kiprop,

Nakuandikia kwa sababu siwezi kukupigia simu nikiwa nyumbani. Masikio ya Baba yaliishia kwenye injini za treni, lakini macho yake bado ni ya dereva. Jana nilisimama kwenye kona ya baa yetu nikiongea na daktari kwa simu. Baba alikuwa ng'ambo ya chumba, akanisoma midomo, akagonga meza kwa fimbo. "Cherotich! Mpira gani huo, na unaingizwa wapi?" Wateja wakacheka. Mimi sikucheka.

Mpira ni huu. Baba ana uvimbe kwenye njia ya chakula, chini kidogo ya koo. Ugali ulianza kumkwama mwezi wa sita, viazi vikafuata, na sasa ni uji mwepesi kijiko kwa kijiko, na mwingine unarudi. Daktari wa Eldoret anataka kumpasua tumboni amwekee mpira wa kulishia, apate nguvu ya kutibiwa. Alinieleza bila kuzunguka: pasipo mpira, njaa itamuua kabla ya ugonjwa.

Baba amekataa. Kisu hakiogopi. Anasema hatalishwa kwa tumbo kabla hajanywa na wewe kwa mdomo. "Kiprop aje aweke kifuniko chake hapa kwenye kaunta. Tunywe kama watu. Baada ya hapo mniingize hata bomba la maji."

Wiki iliyopita dereva wa lori la mbao alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu achukue glasi yako. Baba akamshika kifundo cha mkono. Ikabidi nimweleze huyo mgeni kwamba hii ilikuwa baa ya watu wa reli. Kila dereva alikuwa na glasi yake, na kila glasi kifuniko chake cha bati cha kuzuia masizi. Dereva akienda safari, glasi inabaki kifudifudi kwenye rafu, naye anaondoka na kifuniko mfukoni. Akirudi, anaweka kifuniko kwenye kaunta kabla hata ya salamu, ndipo anamiminiwa. Yule mtu akauliza, "Na huyu Kiprop anaendesha treni gani?" Nikamwambia unalinda majengo Doha. Akasema, "Basi hiyo glasi itaota mizizi."

Imebaki hiyo moja tu kwenye rafu. Omba ruhusa. Usingoje Krismasi.

Dada yako,
Cherotich


Lusail
5 Septemba 2025

Dada,

Nimeomba. Nick, msimamizi wetu, Mganda, aliniingiza yeye mwenyewe kwa ofisa wa wafanyakazi. Ofisa akasema ruhusa zote zimefungwa mpaka mashindano ya mpira yaishe mwezi wa Desemba. Nikamwambia baba ni mgonjwa. "Kila mtu hapa ana baba mgonjwa." Pasipoti yangu iko kwenye kabati lao. Sheria ya hapa inasema nikae nayo mwenyewe, lakini nilipofika waliichukua wakisema wanaitunza, na tangu hapo sijaitia machoni.

Usimtajie Baba Desemba. Mwambie ni wiki chache.

Naandika nikiwa kwenye kibanda cha chai cha stesheni ya metro, treni ya mjini, hapa Lusail kando ya Doha. Mwenyewe anaitwa Shaji, Mhindi wa Kerala. Ukisikia nakunywa stesheni usidhani ni bia kama huko kwetu. Bia hapa ni ya hoteli kubwa, na kwa sare hii hata mlangoni hawanipitishi. Kwa Shaji ni karaki, chai ya maziwa yenye iliki, na chapati iliyoviringishiwa yai. Nikitoka zamu nakunywa kikombe nikiwa nimesimama, kisha nashika basi la kambini. Vumbi la ujenzi ni jingi, kwa hiyo nafunika chai kwa kifuniko changu cha bati. Mwanzoni Shaji alinicheka. Siku hizi nikichelewa kukitoa mfukoni ananiuliza, "Rafiki, kofia ya chai iko wapi?"

Kuna nesi anaitwa Virginia, wa Burnt Forest, anafanya kazi Al Wakrah. Ijumaa baada ya kanisa hupanda metro mpaka huku kumwona binamu yake, na hunywa chai hapa na sisi. Anakuja likizo sasa na atapita kumsalimu Baba. Nimempa kitu amletee. Sikwambii ni nini. Baba akikiona ataelewa kwamba nakuja, na huenda akaukubali huo mpira bila kuningoja.

Ndugu yako,
Kiprop


Burnt Forest
9 Septemba 2025

Ndugu Kiprop,

Nimetoka kwenu sasa hivi. Niambie nimefanya nini.

Nilifika mchana. Mzee alikuwa ameketi karibu na jiko, koti lake la reli likimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Kwa kazi yangu nilijua hali yake kabla hajanisalimu. Nikakaa mbele yake aone midomo, nikasema polepole kama ulivyonielekeza: "Natoka Doha. Kiprop amenipa hiki nikuletee." Nikakiweka kifuniko kwenye kaunta.

Hakukigusa. Aliniuliza, "Kimeletwa na wewe?" Nikasema ndiyo. "Alikupa mwenyewe, au ulipewa?" Nikasema mwenyewe, kwa mkono wake. Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mtu mzima akimsikia mtoto aliyefundishwa kudanganya. Nilipogeuka, wazee wawili waliokuwa wakinywa kwenye kona walikuwa wamevua kofia.

Mzee akazunguka kaunta. Akateremsha glasi moja kutoka rafu ya juu, akaiosha kwa sabuni, akaisuuza, akaikausha kwa pindo la shati lake, akaichanganya na glasi za wateja. Dada yako akaingia na beseni la viazi. Alipoona ile rafu tupu aliliachia, viazi vikaviringika mpaka mlangoni.

Kisha Mzee akanishika mkono. "Asante mama kwa kukifikisha. Ulikuwa naye mwishoni?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anadhani umekufa. Nikapiga kelele kwamba uko hai, nikapiga kelele mpaka watu wakaingia kutoka barabarani. Mzee akanipapasa bega. Akasema, "Ndivyo walivyokutuma useme. Si kosa lako."

Cherotich alinitazama kama mchawi. Nimewauguza watu wengi, Kiprop, lakini sijawahi kumfanyia mgonjwa kitu kibaya kama hiki, na hata sijui ni kipi.

Virginia


Timboroa
10 Septemba 2025

Kiprop,

Ulifundishwa nusu ya desturi, ya pili hukuiona. Treni za abiria zilikwisha ukiwa mdogo.

Mimi nilikuwa na miaka tisa Douglas, rafiki wa Baba, alipoanguka na injini huko mteremkoni. Msaidizi wake aliingia baa na kifuniko cha Douglas, akakiweka kwenye kaunta, akasimama tu. Baba akateremsha glasi, akaiosha. Mke wa Douglas alikuwa jikoni akichemsha supu. Aliposikia maji yanamwagika akaanza kulia. Kifuniko kikirudi kwa mkono wa mtu mwingine, mwenyewe amekufa. Hakina maana nyingine. Watu wa reli hawakupenda kulitamka neno lenyewe.

Sasa kuhusu video tuliyokupigia jana jioni. Ulimpungia mkono, ukamwonyesha kovu la panga kwenye kidole, ukadhani amenyamaza kwa furaha. Alingoja ukate simu. Akaniambia, "Hata chifu alituaga." Wewe hukuwepo. Mwezi wa tano, kwenye mazishi ya chifu mstaafu, wajukuu waliweka skrini kubwa pale uwanjani. Marehemu akatokea na kofia yake, akawataja watu kwa majina, akaomba tumtunze mjane wake. Yote yalitengenezwa kwa kompyuta. Baba alimsoma midomo mwanzo hadi mwisho. Tangu siku hiyo, kwake mtu aliye ndani ya simu anaweza kuwa yuko kaburini.

Hajagusa uji tangu jana. Amemwita katekista. Amewapeleka wazee kando ya reli, juu ya shamba la viazi, akawaonyesha kwa fimbo mahali pa kaburi lako. Asubuhi hii ameniuliza mwili utafika lini.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia uje. Mtu huyu hawezi kuaminishwa na kitu chochote isipokuwa wewe kusimama mbele yake.

Cherotich


Lusail
12 Septemba 2025

Dada,

Umempa ile picha yangu nikiwa nimeshika gazeti la leo? Umemwonyesha ile karatasi niliyoandika kwa mkono nikaipiga picha? Nimetaja ndani yake ng'ombe aliyezaa siku ya mtihani wangu, na jina alilompa. Nani mwingine anajua?

Nimerudi ofisini. Ofisa akasema, "Wiki iliyopita baba yako alikuwa mgonjwa. Leo anadhani wewe umekufa. Kesho atakufa nani, bibi yako?" Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, akaniamuru nirudie kisa tangu mwanzo. Nilirudia, glasi, kifuniko, chifu na vyote. Walicheka mpaka mmoja akafuta macho.

Nje Nick akaniambia, "Banange, nisingekujua hata mimi ningecheka." Kisha akashusha sauti. "Kuna njia moja. Andika kwamba unaacha kazi. Hapo hawana sababu ya kuikalia pasipoti. Ila ujue huo mlango ukiufunga haufunguki."

Kazi hii ndiyo inayowasomesha wanao, na ndiyo ingelipia hospitali. Nikiacha, mpira utalipiwa na nini? Nikibaki, watamwekea nani?

Jioni nilikwenda kwa Shaji. Vumbi liliingia kwenye chai. Akauliza kofia iko wapi, nikasema nimemtumia baba. "Vizuri sana. Baba atafurahi." Nilikaa na chai mdomoni, ikagoma kushuka. Nikawaza, kumbe ndivyo inavyokuwa kwake kila siku.

Mlazimishe ale. Mshikeni kama ni lazima.

Kiprop


Timboroa
13 Septemba 2025

Kiprop,

Ile karatasi yako aliisoma. Akasema, "Huu ni mwandiko wako, Cherotich. Ni wewe uliyemfundisha kuandika. Na habari ya ng'ombe unaijua." Picha ya gazeti hakuitazama hata.

Barua hii hapa chini aliiandika asubuhi akanipa niiweke kwenye jeneza lako. Nimeipiga picha. Isome peke yako.

Cherotich


Kwa marehemu mwanangu Kiprop,

Hawataki kuniambia ulivyokufa. Dada yako anasema uko hai, na analia akisema, kwa hiyo nimejua. Simkasirikii. Mama yako alipofariki nami nilikuficha mpaka ulipomaliza mtihani, na hukuwahi kunilaumu.

Nimewauliza wenye watoto huko Uarabuni. Wanasema ni joto, au kuanguka, au moyo kusimama mtu akiwa kitandani. Natumai ulikuwa umelala.

Siku ile unaondoka nilikwambia kwamba kifuniko ni cha kurudi nacho. Sikukwambia habari ya kifuniko kinacholetwa na mwingine. Anayesafiri haambiwi hayo. Tulikuwa tunawaambia wanaobaki.

Mpira sikuukataa kwa ukaidi kama wanavyosema. Nilitaka tunywe glasi moja wakati bado nina mdomo wa kunywea. Sasa hakuna cha kuharakisha. Nimemwambia Cherotich anilaze upande wako wa kushoto. Sikio langu la kulia ndilo lililobakiwa na sauti kidogo.

Yule binti aliyeleta kifuniko ni mtu mwenye heshima. Kama alikuwa mchumba wako, ningemkubali.

Baba yako,
Jeremiah


Stesheni ya metro, Lusail
15 Septemba 2025

Dada,

Nimeacha kazi. Ofisa alitia saini bila kuinua macho. Pasipoti wamenipa, picha iliyo ndani ni ya mtu mnene kuliko mimi. Eugene wa chumba chetu alizungusha kofia kambini, watu wakachanga, tikiti ikapatikana. Nick alinisindikiza mpaka getini. Hakuniambia kwaheri, aliniambia, "Wahi."

Nipo kwa Shaji nangoja treni ya kuelekea uwanja wa ndege. Nimemsimulia yote. Huyu hakucheka. Aliandika jina langu kwenye kikombe cha karatasi, akakipindua kifudifudi juu ya rafu yake, kati ya makopo ya maziwa. Kisha akang'oa kifuniko cha kopo moja, akanipa. Nimekataa. Nimemwambia, "Shaji, mimi sirudi. Na wewe usimpe mtu kifuniko kama hujui nani atakuletea."

Karaki ameniwekea sukari mara mbili, na malipo hakutaka.

Usimwambie Baba nakuja. Hataamini, na atakuonea huruma tu. Mlishe. Mwambie ni uji wa matanga yangu, mwambie ni dhambi kuukataa, mwambie lolote.

Kiprop


Eldoret, hospitalini
18 Septemba 2025

Virginia,

Ulinipigia jana nikashindwa kukujibu. Nakuandikia kutoka kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Cherotich yuko kando yangu, ameniambia nikusalimu na kwamba wewe si mchawi.

Nilifika Timboroa alasiri, mvua ikinyesha. Baa ilikuwa na watu; niliambiwa baadaye kwamba walikuwa wakipanga matanga yangu. Katekista aliniona kwanza, akalia kama mtoto. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Amekwisha, Virginia. Kama ningepishana naye njiani nisingemjua. Alinitazama tangu viatu hadi kichwa. Hakuinuka wala hakutoa mkono.

Nikaanza kusema, "Baba, ni mimi."

Akainua kidole kunizuia. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa kile kifuniko, akaniwekea kiganjani. Akasema, "Toka nje. Uingie vizuri."

Nikatoka. Nilisimama mvuani na watu wote wakinichungulia dirishani. Nikaingia tena, nikapita katikati yao bila kumsalimu mtu, nikakiweka kifuniko kwenye kaunta mbele ya rafu. Bati liligonga mbao. Sijui kama alilisikia au aliliona. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na ndipo alipolia, na hakuna aliyemsogelea mpaka alipomaliza.

Kisha akataka glasi yangu. Alikuwa ameichanganya na nyingine, na zote zinafanana. Akaziinua moja moja kwenye mwanga. "Ni hii." Haikuwa hiyo, yangu ina ufa kwenye kitako. Nikasema, "Ndiyo, Baba, ni hiyo." Cherotich akamimina bia. Nikanywa nusu, nikampa. Aliiweka mdomoni akaishikilia, akafumba macho, akameza. Ikarudi. Akajaribu tena. Ikamteremka kidevuni mpaka kwenye koti.

"Imepita," akasema.

Tuliiona kwenye koti. Mzee mmoja akajibu, "Imepita, Jeremiah, tumeshuhudia." Wote wakasema imepita.

Akapangusa kidevu. "Haya. Mpira."

Asubuhi yake, kabla ya kuingia garini, aliipindua ile glasi kifudifudi kwenye rafu ya juu. Akachukua kifuniko changu akakitia mfukoni. Cherotich akamwambia hicho ni cha Kiprop. Akasema, "Kiprop amefika. Sasa anayesafiri ni mimi."

Hapa hospitali daktari hakutupambia maneno. Alisema tumechelewa, mwili umekauka, huenda usistahimili hata dawa ya usingizi. Wakamtia maji ya mishipa kutwa nzima. Leo wamemwingiza.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana wewe peke yako utaelewa bila kuelezwa mara mbili. Hawajakaa sana mle ndani, mlango ukafunguliwa. Akatoka nesi wa upasuaji, amevaa barakoa. Mkononi alikuwa na mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na kifuniko.

Cherotich alianguka palepale sakafuni. Alipiga yowe ambalo wodi ya pili walilisikia. Mlinzi akaja mbio. Nilikuwa natazama ule mfuko.

Nesi akashtuka kuliko sisi. "Jamani! Jamani, nini? Ni chuma tu, hakiruhusiwi mezani! Mzee alikifumbata, tumekitoa alipolala!"

Nikamuuliza, "Yuko hai?"

"Ndiyo wanaanza sasa. Shika, nyinyi ndio watu wake."

Akanipa, akarudi ndani. Nikakaa nacho. Cherotich akaketi akakitazama, na tukawaza jambo moja bila kuambiana: kimetoka bila mwenyewe, kimeletwa kwa mkono wa mtu mwingine, na nikienda nacho nyumbani bila yeye, najua kitakachofuata.

Nikaenda nikagonga ule mlango mpaka nesi akafungua kwa hasira. Nikamwomba akirudishe. Akasema haiwezekani. Nikamwambia si mezani, akiweke popote huko ndani, hata kwenye kiatu cha Mzee, mradi Mzee atoke nacho yeye mwenyewe. Akauliza, "Ni dawa za kienyeji?" Nikasema hapana, ni mambo ya reli.

Amekichukua.

Bado hawajatoka. Jirani anayetulishia kondoo amepiga simu kuuliza kama aingie baa asafishe kidogo, maana watu wa matanga waliacha vyombo. Nimemwambia afunge mlango, na asioshe kitu chochote.

Kiprop